Shilingi ya Simba na Herufi Zake

Hapa Kaloleni majirani huniletea sarafu walizozikuta kwenye makopo ya akina nyanya zao. Nyingi ni shilingi ya Afrika Mashariki: huku Mfalme George wa Sita, huku simba na milima nyuma yake. Wao huuliza bei. Mimi huanza na herufi.

Shilingi hii iliingia mwaka 1921, baada ya rupia kuondolewa na florini kupita kwa muda mfupi tu. Ndiyo iliyolipa mishahara ya wafanyakazi wa reli pale Muthurwa, Nairobi. Hadi 1946 robo yake ilikuwa fedha halisi. Kuanzia 1948 ikawa shaba na nikeli.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kuzipiga ilisambazwa. Chukua lenzi utafute herufi ya kiwanda: H ni kiwanda cha Heaton, Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Ninayo moja ya 1944 yenye SA. Kichwa cha mfalme kimelika kama kisigino cha ndala, lakini herufi zinasomeka.

Watafiti wa denari, sarafu za fedha za Roma ya kale, wana kazi ngumu zaidi, maana nyingi hazina mwaka. Mihuri ya kuzipigia ilichongwa kwa mkono na kila mmoja ulipasuka kivyake, kwa hiyo wao hulinganisha alama za nyufa: sarafu mbili zenye alama ya ufa uleule, mahali palepale, zilitoka kwenye muhuri mmoja.

Kwa hiyo, mwenye kopo, usiisugue sarafu kwa majivu. Utafuta ushahidi, na bei pia.