Kabla ya Klipu Kulikuwa na Jukwaa

Wasee wa Ngoingwa, swali moja tu: mara ya mwisho ulicheka ukiwa umekaa kando ya mtu usiyemjua ilikuwa lini? Si kwa simu, chini ya blanketi, bando ikielekea kuisha. Nasema ukumbini, bega kwa bega.

Nauliza kwa sababu historia ya komedi yetu imepitia hii hii Thika Road. Mwishoni mwa miaka ya 90, vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walijiita Redykyulass wakaanza kumuiga Rais Moi hadharani, akiwa bado Ikulu. Leo kila mtu anaiga rais TikTok. Wakati huo haikuwa mchezo. Wahome Mutahi, yule wa Whispers kwa Sunday Nation, alifungwa 1986 serikali ilipokuwa ikisaka watu wa Mwakenya. Alipotoka hakunyamaza. Alitunga michezo ya Kikuyu kama Mugaathe Mubogothi, ikachezwa kwa mabaa. Hakungoja watu wavae suti waende ukumbi wa taifa. Aliwafuata walipo.

Halafu akaja Daniel Ndambuki, yaani Churchill. Churchill Live ya NTV ilirekodiwa Carnivore mbele ya watu halisi, na baadaye Churchill Show ikafunga safari: Mombasa, Kisumu, Nakuru. Jukwaa hilo ndilo lililotutambulishia kina Eric Omondi, MCA Tricky, Chipukeezy na Mammito.

Sasa kumbuka nchi ilikuwa imetoka wapi. Tulikuwa tumeuana baada ya uchaguzi wa 2007. Miaka michache tu baadaye, Mkamba, Mjaluo na Mkikuyu wamejaa ukumbi mmoja wakichekana lafudhi. Kuna waliosema huo ni ukabila umevaa nguo ya utani. Nawaelewa, na kuna vichekesho vingine vilistahili kulaumiwa. Lakini ukumbini, unayemtania amekaa pale mbele. Ukivuka mpaka, ananyamaza, na ule ukimya unakufunza adabu papo hapo. Kwa simu, unatupa tusi la kikabila, unapata laiki elfu, na hakuna uso unaokuangalia.

Hicho ndicho tunapoteza, si burudani peke yake. Watu walipomcheka Moi pamoja, kila mmoja aligundua kwamba jirani yake pia amechoka. Ukicheka peke yako chini ya blanketi, hiyo huwezi kujua.

Hapa mtaani kuna wachekeshaji wakali wanajirekodi kwa bedsita, mgongo ukutani. Mimi nasema tuwatafutie jukwaa, tulipe kiingilio, hata kama ni ya soda mbili. Ukumbi hakuna? Baa ziko, na mchana huwa tupu. Wahome alishatuonyesha njia.