Nusu ya Mstari

Siku ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1960, mhubiri mwenye umri wa miaka 76 aliwahutubia wasikilizaji wa redio WMUU mjini Greenville, South Carolina. Aliitwa Bob Jones, na redio hiyo ilikuwa mali ya chuo kikuu alichokianzisha yeye mwenyewe mwaka 1927 na kukipa jina lake. Ilikuwa siku ambayo Wakristo kote duniani husimulia habari za kaburi tupu. Mzee Jones alichagua kuzungumzia jambo jingine: je, Maandiko yanaruhusu kuwatenga weusi na wazungu? Jibu lake lilikuwa kwamba Maandiko yanaamuru hivyo, na kwamba anayepinga utengano anapingana na Mwenyezi Mungu. Hotuba hiyo ilichapishwa kuwa kijitabu, ikasambazwa.

Greenville ya mwaka huo haikuwa imetulia. Tarehe 1 Januari, mamia ya watu weusi walikuwa wameandamana hadi uwanja wa ndege wa mji, ambako mwaka uliotangulia Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, aliambiwa asiketi katika sehemu ya kusubiria ya wazungu. Mwezi Februari wanafunzi weusi wa Greensboro, North Carolina, waliketi kwenye kaunta ya chakula cha mchana wakakataa kuondoka, na moto huo ukaenea Kusini yote. Miezi mitatu baada ya hotuba ya Pasaka, tarehe 16 Julai, vijana weusi wanane waliingia katika maktaba ya umma ya Greenville, wakakamatwa. Mmoja wao alikuwa Jesse Jackson, mwenyeji wa mji huo, akiwa na miaka 18. Kabla mwaka haujaisha maktaba ilikuwa imefunguliwa kwa wote. Chuo Kikuu cha Bob Jones, katika mji huohuo, kiliendelea kuwafungia mlango wanafunzi weusi kwa miaka mingine 11.

Nguzo ya hotuba ile ilikuwa mstari mmoja, Matendo ya Mitume 17:26. Msomaji mwenye Biblia aufungue mwenyewe. Paulo anawahubiria watu wa Athene, na mstari una sehemu mbili. Ya kwanza inasema kwamba Mungu aliyafanya mataifa yote ya wanadamu kutoka katika asili moja, wakae juu ya uso wa nchi yote. Ya pili inataja nyakati na mipaka ya makazi yao. Jones aliishika ile mipaka, akaijengea hoja nzima: ikiwa Mungu aliweka mipaka, basi anayeivunja ni adui wa Mungu. Ile asili moja, ambayo ndiyo Paulo alikuwa akiwafundisha Waathene waliojiona bora kuliko wengine, alikiri kwamba imeandikwa, kisha akaipita. Wapinga utumwa wa karne ya 19 walikuwa wameutumia mstari huohuo, wakianzia sehemu ile ya kwanza, kudai kwamba mtumwa na bwana wake ni ndugu.

Hapo ndipo unafiki ulipo, na ndiyo sababu ninaiandika historia hii nikiwa Mkristo. Jones na wenzake hawakuwa watu wa kuichukulia Biblia kijuujuu. Walijiita wafundamentalisti, jina lililotokana na mfululizo wa vijitabu 12 vilivyotolewa Marekani kati ya 1910 na 1915 kutetea misingi ya imani. Ahadi yao kwa waumini ilikuwa moja: neno la Mungu halina kosa, na sisi tunalipokea lote kama lilivyoandikwa. Waliwashutumu Wakristo wengine kwa kuchagua mistari wanayoipenda. Basi Hesabu sura ya 12 waliisomaje? Musa ameoa mwanamke Mkushi, Mwafrika, dada yake Mariamu anamnung'unikia, na anayepigwa ukoma ni Mariamu. Na Matendo sura ya 8, Filipo anapopanda garini na towashi wa Kushi, wakaketi pamoja, kisha akambatiza palepale njiani?

Mazoea ya kuchagua mistari yalikuwa ya zamani. Kizazi cha wenye watumwa kilitegemea Mwanzo sura ya 9, kikidai kwamba weusi ni uzao wa Hamu uliolaaniwa. Andiko lenyewe linasema aliyelaaniwa ni Kanaani, na kinywa kilicholaani ni cha Nuhu aliyekuwa ameamka kutoka katika ulevi. Hakuna rangi ya ngozi inayotajwa. Mwaka 1845, huko Augusta, Georgia, Wabaptisti wa Kusini walijitenga na wenzao wa Kaskazini wakaunda jumuiya yao ya Southern Baptist, kwa sababu walitaka mwenye watumwa aweze kutumwa kuwa mmisionari. Jumuiya hiyo, ambayo baadaye ikawa kubwa kuliko madhehebu yote ya Kiprotestanti nchini Marekani, iliomba radhi rasmi mwaka 1995.

Watetezi wao husema walikuwa watu wa zama zao. Utetezi huo haukubaliki, na anayeuvunja ni mtu aliyetoka mikononi mwao wenyewe. Billy Graham, mtoto wa mkulima wa North Carolina, alisoma kwa muda mfupi mwaka 1936 katika chuo hichohicho cha Bob Jones, kilipokuwa bado Cleveland, Tennessee. Biblia yake ilikuwa hiyohiyo. Mwaka 1953, katika mkutano wa injili mjini Chattanooga, aliziondoa kwa mikono yake kamba zilizotenganisha viti vya weusi na vya wazungu. Hata yeye alisitasita, kwani baada ya hapo aliwahi kukubali tena viti vya kutengana mahali pengine. Lakini mwaka 1957 alimwalika Martin Luther King, mchungaji mweusi aliyeongoza harakati za kudai haki za weusi, aongoze sala jukwaani kwake New York. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwepo na Jones aliijua. Hotuba yake ya Pasaka iliwalenga kwa kiasi kikubwa wahubiri wa aina hiyo, wale waliokuwa wakiyumba.

Kwa msomaji wa Afrika, kisa kinachoumiza zaidi kilitokea Macon, Georgia, na si miongoni mwa wafundamentalisti wa Greenville bali kwa hao Southern Baptist, watu waliokuwa na wamisionari wengi barani kwetu. Kijana Mghana, Sam Oni, aliyefikiwa na injili kupitia wamisionari wa jumuiya hiyo, alitiwa moyo na mmoja wao, Harris Mobley, aombe nafasi katika Chuo Kikuu cha Mercer, ambako Mobley mwenyewe alisoma. Ombi hilo liliwabana wakuu wa chuo. Wangemwambia nini Mwafrika ambaye jumuiya yao ilisafiri hadi nchini kwake kumwita ndugu? Mwaka 1963 walimpokea, pamoja na vijana wawili weusi wa Macon.

Kando ya chuo kulikuwa na kanisa, Tattnall Square Baptist. Waumini wake walipiga kura kwamba weusi wasiketi humo ibadani. Mchungaji wao, Thomas Holmes, alisimama upande wa pili. Jumapili ya tarehe 25 Septemba 1966, Oni alikwenda kusali. Alizuiliwa mlangoni na watumishi wa kanisa, mbele ya waandishi wa habari. Siku hiyohiyo, ndani, waumini wakapiga kura nyingine: wakamfukuza kazi Mchungaji Holmes na wasaidizi wake wawili.

Kila mwaka, wakati wa Krismasi, makanisa ya jumuiya hiyo yalikusanya sadaka ya umisionari inayoitwa kwa jina la Lottie Moon, mwanamke aliyehubiri China. Fedha hizo zilifika huku kwetu pia. Wamisionari wa Southern Baptist walianza kazi Kenya na Tanganyika mwaka 1956, na hadi Oni anasimama kwenye ngazi za Tattnall Square walikuwa na makanisa katika nchi zote mbili na seminari Arusha. Wazee wetu waliobatizwa nao waliwapenda, na wengi wa wamisionari hao walistahili upendo huo. Baadhi yao waliandika barua nyumbani kulalamika kwamba ubaguzi wa Kusini unawaharibia kazi Afrika, ambako watu walikuwa wakisoma magazeti na kusikiliza redio. Hapa ninawaheshimu. Lakini hoja ya barua hizo mara nyingi ilikuwa madhara kwa kazi ya injili. Mtu aliyefukuzwa mlangoni alikuja baadaye katika hesabu.

Turudi Greenville, maana huko utengano wa chuo ulikuja kugongana na mamlaka ya kodi, kisa kilichoanzia katika shule za Mississippi.

Mahakama zilipoamuru shule za umma ziunganishwe, wazungu wengi wa Kusini walihamisha watoto wao kwenye shule binafsi, nyingi zikiwa zimefunguliwa kwenye majengo ya makanisa na kubeba neno Kikristo kwenye kibao. Katika wilaya ya Holmes, Mississippi, mwaka wa kwanza wa kuunganisha, wanafunzi wazungu katika shule za umma walishuka kutoka 771 hadi 28. Mwaka uliofuata hakubaki hata mmoja. Shule hizo binafsi zilihesabiwa kuwa taasisi za hisani, hivyo zilisamehewa kodi, na waliozichangia walipunguziwa kodi. Kwa maneno mengine, baba mweusi aliyelipa kodi alikuwa akisaidia kugharimia shule iliyojengwa ili mwanawe asiketi humo. Mwaka 1969 wazazi weusi wa Holmes walikwenda mahakamani, wakashinda. Mwaka 1970 mamlaka ya kodi ya Marekani ilitangaza kwamba shule yoyote inayobagua kwa rangi itapoteza msamaha.

Chuo cha Bob Jones kiliamua kupigana. Kuanzia 1971 kilikubali weusi, lakini waliooa au kuolewa tu na mtu wa rangi yao. Mwaka 1975 kiliwakubali wasiooa, kikaweka kanuni: mwanafunzi atakayechumbiana na mtu wa rangi nyingine atafukuzwa. Msamaha wa kodi ulifutwa mwaka 1976, na kufutwa huko kukarudishwa nyuma hadi Desemba 1970. Chuo kililipa kodi ya mfanyakazi mmoja, dola 21, kisha kikafungua kesi kudai kirudishiwe. Serikali nayo ikadai zaidi ya dola 489,000.

Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, utawala wa Ronald Reagan, aliyehutubia chuoni hapo mwaka 1980 akiwania urais, ulitangaza Januari 1982 kwamba hautaendelea kuitetea mamlaka ya kodi. Mahakama ikalazimika kumteua wakili wa kuutetea upande ambao serikali ilikuwa imeutupa. Ilimteua William Coleman, Mmarekani mweusi wa chama cha Reagan mwenyewe, aliyewahi kuwa waziri wa uchukuzi chini ya Gerald Ford. Tarehe 24 Mei 1983, majaji wanane dhidi ya mmoja waliamua kwamba taasisi inayobagua haiwezi kudai msamaha unaotolewa kwa ajili ya manufaa ya umma, hata kama ubaguzi wake inauita imani. Chuo kilichagua kulipa kodi, na kanuni ikabaki.

Wakati huohuo Jerry Falwell wa Lynchburg, Virginia, Mbaptisti wa kifundamentalisti, alikuwa amejenga jina la kitaifa. Mwaka 1958 alihubiri kutetea utengano. Mwaka 1965, wakati weusi walipoandamana Selma, Alabama, kudai haki ya kupiga kura, alihubiri kwamba mchungaji hakuitwa kuwa mwanasiasa bali kuleta watu kwa Kristo, na aliowalenga ni King na wenzake. Mwaka 1979 mhubiri huyo alianzisha Moral Majority, chombo cha kuwaingiza Wakristo wa mrengo wake katika siasa za uchaguzi. Baadaye aliyakana mahubiri yake ya utengano. Hata hivyo siwezi kuyasahau yale ya 1965. Kwake siasa ilikuwa dhambi pale ilipokuwa ikimtetea mweusi apate kura.

Kanuni ya uchumba pale Greenville iliishi hadi mwaka 2000. Februari mwaka huo George W. Bush, akiwania urais, alihutubia chuoni, na nchi nzima ikauliza kwa nini. Tarehe 3 Machi, Bob Jones wa tatu, mjukuu wa mwasisi, alikwenda kwenye kipindi cha televisheni cha Larry King akatangaza kwamba kanuni imeondolewa. Alisema halikuwa jambo kubwa kwao. Maneno hayo yalipaswa kuwashangaza waliokumbuka kesi. Mbele ya majaji chuo kilikuwa kimeapa kwamba kanuni hiyo ni imani ya dhati itokayo katika Biblia, imani ambayo serikali haina haki ya kuigusa. Vijana walikuwa wameishi chini yake kwa robo karne, wakijua kwamba kumpenda mtu kungewagharimu masomo.

Radhi haikutolewa siku ile. Ilitolewa Novemba 2008, baada ya wahitimu wenyewe, mamia yao, kukusanya sahihi na kuwataka walimu wao wa zamani watubu hadharani. Tamko la chuo lilikiri kwamba sera zake za rangi zilifuata utamaduni wa utengano wa jamii ya Marekani badala ya Maandiko, na kwamba zilimwakilisha Bwana vibaya na kuwaumiza watu. Kwa taasisi iliyowafundisha vizazi vitatu kwamba dunia ndiyo inayofuata utamaduni na wao ndio wanaofuata Neno, hakukuwa na ungamo zito kuliko hilo. Mwaka 2017 chuo kilipata tena msamaha wa kodi.