Sahani ya Peke Yake: Freddie Mercury Mjini Munich, 1985

Mwenye kuandika habari za bendi hupata taabu ambayo mwandishi wa habari za washairi haimfiki. Shairi lina baba mmoja. Wimbo wa bendi una baba wengi, na kila mmoja wao husema kuwa mtoto amefanana naye. Taabu hii hudhihirika pale mmoja wa wenzi, baada ya miaka mingi ya kazi ya shirika, atokapo akatoa sahani kwa jina lake pekee. Nataka kutazama kisa kimoja cha namna hiyo, na sifichi kwamba nimekichagua kwa sababu mwenye kisa alizaliwa Unguja.

Farrokh Bulsara alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, mwana wa Waparsi. Baba yake alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu katika zama za Waingereza. Kijana alipelekwa Panchgani, Bara Hindi, kusoma katika shule ya bweni, akarejea Unguja, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, jamaa yote ikahamia Feltham, karibu na London. Mwaka 1970 yeye na Brian May na Roger Taylor waliunda bendi ya Queen. John Deacon akaingia mwaka uliofuata. Jina la Mercury alijipa mwenyewe.

Wote wanne walikuwa watunzi, nalo ndilo jambo lipasalo kukumbukwa. Hadi ilipotoka sahani ya The Miracle mwaka 1989, karibu kila wimbo wa Queen ulibeba jina la aliyeutunga, na fedha za utunzi zilimwendea yeye. Sahani moja haina nafasi ila ya nyimbo kumi hivi. Kwa hiyo kuchagua nyimbo hakukuwa kuchagua sauti tamu tu. Kulikuwa pia kugawa riziki. Si ajabu basi kwamba wenzi walianza kutafuta mlango wa pembeni. Taylor alitoa sahani yake, Fun in Space, mwaka 1981. May alitoa Star Fleet Project mwaka 1983. Mercury, ambaye umati ulimdhania kuwa ndiye mwenye bendi, alichelewa. Mr. Bad Guy ilitoka tarehe 29 Aprili 1985, tena kwa kampuni ya CBS, ilhali Queen walikuwa na EMI.

Aliirekodi Munich, katika studio ya Musicland iliyoanzishwa na Giorgio Moroder. Hapakuwa pageni kwake, maana Queen waliifanyia kazi The Game humo humo, pamoja na Reinhold Mack, ambaye sasa alishirikiana naye kuisimamia sahani hii. Wapigaji ndio waliokuwa wengine: Fred Mandel kwenye vinanda, Paul Vincent kwenye gitaa, Curt Cress kwenye ngoma, Stephan Wissnet kwenye gitaa la besi. Nyimbo zote 11 alizitunga mwenyewe. Mmoja wapo alikuwa amewahi kuujaribu pamoja na Michael Jackson mwaka 1983, lakini kazi hiyo haikukamilika, akauimba peke yake. Sauti za wote wawili hazikutoka pamoja hadi mwaka 2014.

Nimeisikiliza sahani hii mara nyingi, na hukumu yangu ni hii: sauti ni ile ile, pengine huru zaidi, walakini hakuna wa kumwambia hapana. Katika Queen wimbo ulipita katika meno ya watu watatu kabla ya kumfikia msikilizaji. Hapa haukutafunwa na mtu. Mahali lilipokuwa gitaa la May, ambalo lilizoea kuitikia sauti kama kiitikio cha taarab kinavyomjibu mwimbaji, pamejazwa vinanda vya umeme. Na katika wimbo uliobeba jina la sahani pameletwa okestra nzima, nayo inanguruma bila kujibu lolote.

Uingereza sahani ilifika nafasi ya 6, Marekani haikushika. Tarehe 13 Julai 1985 Queen walipanda jukwaani Wembley katika tamasha la Live Aid, wakapiga kwa takriban dakika 20, na kwa watu wengi huo ndio mwaka 1985 wa Mercury.

Sisi wa pwani tungependa kuisikia Unguja katika kazi ambayo hakugawana na mtu. Haimo. Mna mapenzi, mna upweke. Na asemaye kwamba mtoto wa Afrika hakuisahau Afrika hana budi kulieleza pia jambo la Oktoba 1984, wakati sahani hii ingali ikitengenezwa: Queen walikwenda kupiga Sun City, Bophuthatswana, hali wasanii walikuwa wametakiwa waisusie Afrika Kusini ya makaburu. Simzushii Mercury peke yake kosa la wanne, lakini sioni sababu ya kulifunika.

Alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Wimbo wake Living on My Own, ambao mwaka 1985 ulipita bila kishindo, ulitengenezwa upya na watu wengine ukashika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1993. Miaka miwili baadaye wenziwe watatu walitoa sahani ya Made in Heaven. Walichukua nyimbo mbili kutoka katika kazi yake ya Munich, wakaiacha sauti, wakaondoa vyombo vya wale wapigaji wengine, wakapiga vyao. Vijana wengi niliowauliza huijua I Was Born to Love You kwa sura hiyo ya pili. Husema gitaa la May lilikuwamo tangu mwanzo, na nikiwapigia sahani ya 1985 hudhani kuwa hiyo ndiyo iliyopunguzwa.