Kukatika, Kukatakata, Kuganda

Mnunuzi wa choroko aliyeko Mwanza anataka kuuona mzigo kabla hajataja bei. Mwenzake wa Zagayu anachota konzi ya punje guniani, anaifungua mbele ya kamera ya simu, anazipekua kwa kidole ili zilizotobolewa na wadudu zionekane. Picha inasimama. "Umeganda," anaambiwa. "Zima picha tubaki na sauti."

Sentensi hiyo naipenda kuliko kurasa nyingi za miongozo ya mitambo. Sauti inayopita kwenye intaneti huhitaji makumi machache tu ya kilobiti kwa sekunde. Video huhitaji mamia, na ikitakiwa safi hupita megabiti moja. Anayesema "tubaki na sauti" ameamua sawasawa na mhandisi: kiachwe kinachokula zaidi, kiokolewe kinachobeba makubaliano. Tena amelisema kwa Kiswahili ambacho hakuna kamati iliyokaa kukitunga.

Zagayu ni kata ya Itilima mkoani Simiyu. Kabla ya wilaya hiyo kuundwa mwaka 2012, ilikuwa ndani ya Bariadi. Ni nchi ya pamba, choroko, dengu na ng'ombe. Biashara ya huko haikungoja simu ya mezani. Inapita hewani mpaka mnarani, na huko mbele inakutana na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Choroko na dengu nazo zimeingia kwenye stakabadhi ghalani na minada ya kielektroniki ya Soko la Bidhaa Tanzania, kwa hiyo mtandao ukiyumba, bei nayo inaweza kumpita mtu.

Neno "simu" lenyewe wanaochimba asili ya maneno hulipeleka Uajemi, ambako maana yake ni waya. Liliingia pwani zama za telegrafu. Kebo ya baharini ilifika Unguja mwaka 1879. Waya ulipoanza kubeba sauti, jina lilibaki. Polisi, misheni na hifadhi za wanyama walipopata redio za kuzungumzia, tukasema "simu ya upepo", yaani, kwa asili yake, waya wa upepo. Leo tunasajili "laini" ambayo ni kipande cha plastiki. Kiswahili hakikuona haja ya kuyafukuza majina ya zamani kila mtambo unapobadilika, nami naona kilifanya vyema. "Pasiwaya" ni neno lililoundwa vizuri na nalitumia nikiandika, lakini sokoni mgawanyo unaohitajika ni mwingine: "nipigie kawaida" au "nipigie WhatsApp". Ya kwanza inakula dakika, ya pili inakula bando. Maneno mawili yanakueleza njia na gharama kwa pamoja.

Kuna neno moja linalonisumbua, nalo ni "masafa". Ni umbali, na pia ni kipimo cha idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Mawimbi ya megahezi 700 husafiri mbali na kupenya kuta vizuri zaidi kuliko ya megahezi 2600. Ndiyo maana yanafaa nchi pana yenye minara michache. Jaribu kulisema hilo: masafa ya chini hufika masafa ya mbali. Msikilizaji anapotea. Mimi umbali nauita umbali, na masafa nawaachia watu wa redio.

Utajiri wenyewe uko kwenye vitenzi vya hitilafu. "Simu imekatika" maana yake mawasiliano yamekufa: kifaa kimepoteza mnara, au kimeshindwa kuhamia mnara wa pili. "Inakatakata" ni jambo jingine kabisa. Simu ingali hai, ila pakiti za sauti, yaani vipande inavyokatwa ili isafirishwe, zinapotea njiani, mara nyingi kwa msongamano, na kule kurudiarudia kwa kitenzi kunauonyesha ugonjwa wenyewe. "Umeganda" ni ugonjwa wa picha: fremu ya mwisho imeng'ang'ania kioo kwa sababu zinazofuata hazijafika. Halafu kuna "tunapishana", pale wote wawili wanapoanza kusema, wote wananyamaza, wote wanaanza tena. Huo ni ucheleweshaji. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta peke yake inakula karibu robo ya sekunde. Vitenzi vinne, hitilafu nne, na hakuna kimoja kinachoweza kushika nafasi ya mwenzake.

Pengo nililoliona ni moja. Pakiti zinapofika zote lakini kwa mwendo usiolingana, hii upesi, ile kwa kuchelewa, sauti hunyooka kisha ikabanana. Napendekeza "mchechemeo". Anayechechemea anafika, hatua zake tu ndizo hazilingani. Wala tusiziite pakiti hizo "vifurushi", kwani kifurushi kimeshanunuliwa: ni kile cha siku au cha wiki, na hakuna wa kukirudisha dukani.

Maneno ya namna hii hayajali yalikozaliwa. Nchini Kenya, sauti iliyorekodiwa ilirudia mno kwamba mteja hapatikani, hadi watu wakaanza kusema fulani "yuko mteja", yaani simu yake haipatikani. Bara huku tunasema "hayuko hewani". Nalipenda letu zaidi, kwa kuwa hewa ndiyo njia yenyewe.

Adui wa msamiati huu wote ni "mtandao unasumbua". Mwenye simu akipeleka malalamiko hayo kwa kampuni, fundi hana pa kuanzia. Katibu wa chama cha msingi akiandika kwamba sauti ilikatakata tangu saa nane mchana hadi saa kumi, siku ya mnada, simu bila kukatika hata mara moja na alama za mnara zikiwa zimejaa, fundi atashuku msongamano kabla ya kushuku umbali wa mnara. Atapima mzigo wa mnara ule na kiungo kinachoutoa kwenda mkongoni, badala ya kupanda juu kugeuza antena.