Waombaji wa Mapema: Historia Fupi ya Uchaguzi wa Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapoelekea mwisho, idara yetu hutembelewa na walimu wa shule za sekondari, wengi wao wakiwa wanafunzi wetu wa zamani, wakiwa na fomu za vyuo vikuu vya Marekani mikononi. Huomba tuwasaidie kuandika barua za kuwapendekeza wanafunzi wao au kuwaeleza vifungu vigumu. Mwaka mmoja tuliletewa fomu ya msichana wa Kidato cha Sita iliyokuwa na nafasi tatu za kutia saini: ya mwanafunzi, ya mzazi na ya mshauri wa shule. Mwalimu aliidhani kuwa ni uthibitisho kwamba maombi yamewahi. Baba wa msichana alikuwa amekwisha kutia saini yake. Tulipoisoma kwa utulivu tuliona kwamba si uthibitisho wa kuwahi, bali ni ahadi: chuo kikimkubali, msichana ataondoa maombi yake yote kwingineko na kujiunga na chuo hicho.

Tukio hilo lilitufanya tutafute asili ya utaratibu huu. Tunapenda kuwashirikisha wasomaji wetu yale tuliyoyapata, kwa sababu walimu wa lugha ndio wanaoombwa barua na ndio wanaoulizwa maana ya maneno.

Tuanze na maneno yenyewe. Maombi ya mapema ni ya namna mbili. Namna ya kwanza tunaweza kuiita uamuzi wa mapema. Mwanafunzi hupeleka maombi kwa kawaida kufikia tarehe 1 Novemba, hupata jibu katikati ya Desemba, na akikubaliwa amefungwa. Namna ya pili ni maombi ya mapema yasiyofunga: tarehe ni zilezile au zinakaribiana, lakini aliyekubaliwa ana nafasi ya kutafakari hadi tarehe 1 Mei. Katika duru ya kawaida maombi hupelekwa mwanzoni mwa Januari na majibu hutoka kufikia mwisho wa Machi. Katika duru hiyo chuo humkubali mwanafunzi, kisha mwanafunzi hukikubali chuo. Katika uamuzi wa mapema mambo hugeuka: mwanafunzi hukikubali chuo kwanza, kabla hajajua kama yeye mwenyewe atakubaliwa. Basi neno "uamuzi" lisitupoteze. Wa kwanza kuamua ni mwombaji.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, chuo kikuu kama Harvard kilimpokea karibu kila aliyefaulu mtihani wa kuingia. Aliyeshinda aliingia, na aliyeshindwa katika baadhi ya masomo aliweza kupewa nafasi ya kuyarudia. Hapakuwa na haja ya kamati ya kupima tabia ya mtu. Haja hiyo ilizuka katika miaka ya 1920, na sababu yake haikuwa njema. Kufikia mwaka 1922, Wayahudi walikuwa zaidi ya mmoja katika kila wanafunzi watano wa Harvard, na rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, alitaka idadi yao iwekewe kikomo. Wahadhiri walikataa kikomo cha wazi. Hata hivyo, fomu za maombi zilianza kuuliza mambo mapya, kama vile rangi na dini ya mwombaji, na kama yeye au baba yake alipata kubadili jina. Mwaka 1926 chuo kiliweka ukomo wa wanafunzi wapya na kuipa kamati uhuru wa kupima "tabia" pamoja na alama za mtihani. Jerome Karabel, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Harvard, Yale na Princeton, ameonyesha kwa urefu jinsi barua za kumpendekeza mwombaji, picha na usaili vilivyopata uzito katika kipindi hicho. Vifaa ambavyo leo twaviona kuwa ni njia ya kumjua mtoto kwa undani vilianza kama njia ya kumzuia mtu asiyetakiwa bila kumwambia kwa nini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia idadi ya waombaji iliongezeka sana, na kila mmoja akaanza kupeleka maombi katika vyuo viwili, vitatu au zaidi. Vyuo vikapata shida mpya. Chuo kikikubali wanafunzi 500, watakuja wangapi? Wakija wengi mno, vitanda havitoshi. Wakija wachache, karo haitoshi. Katika miaka ya 1950 baadhi ya vyuo vidogo vya kaskazini-mashariki ya Marekani, Amherst na Williams vikiwa miongoni mwao, vilianzisha uamuzi wa mapema. Mwishoni mwa miaka hiyo vyuo saba mashuhuri vya wanawake vikawa na mpango wao wa aina hiyo. Lengo lilikuwa kuwapata wanafunzi wenye hakika na kupunguza kubahatisha.

Harvard, Yale na Princeton vilikuwa na njia yao. Katika miaka ya 1950 na 1960, maofisa wao wa udahili walizitembelea shule maalumu, hasa shule za bweni za watu wenye uwezo, na kuwapa waombaji wa huko daraja A, B au C kabla ya wakati. A ilimaanisha kwamba mwanafunzi ana hakika ya kuingia, B kwamba huenda akaingia, na C kwamba ni vigumu. Mwanafunzi wa shule ya kawaida ya serikali hakuwa na wa kumnong'oneza daraja lake. Alingoja majira ya kuchipua pamoja na wenzake. Njia hiyo iliachwa katika miaka ya 1970, na nafasi yake ikachukuliwa na maombi ya mapema yasiyofunga, ambayo kila mtu aliruhusiwa kuyapeleka. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa wote kwa maandishi, lakini waliojua saa ya kufika walikuwa walewale.

Sasa tuingie ndani ya chumba cha kamati. Tunajua mengi kuhusu chumba hicho kutokana na kesi dhidi ya Harvard iliyosikilizwa Boston mwaka 2018, ambapo maofisa walieleza kazi yao mbele ya hakimu. Faili la mwombaji husomwa kwanza na ofisa anayehusika na eneo anakotoka. Ofisa humpa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 6, katika masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo na sifa za binafsi. Barua za walimu nazo hupewa alama. Mwombaji akihojiwa na mhitimu wa zamani, ripoti ya mhitimu huongezwa. Kisha kamati ndogo ya eneo hujadili faili, na mwishoni kamati nzima ya watu wapatao 40 hupiga kura. Wengi wakikubali, mwombaji amepita. Katika duru ya mapema majibu huwa matatu: kukubaliwa, kukataliwa, au kuahirishwa hadi duru ya kawaida.

Je, anayewahi hupendelewa? Kwa miaka mingi vyuo vilijibu kwamba hapana. Kwamba waombaji wa mapema hukubaliwa kwa wingi kwa kuwa ni wanafunzi bora na kwamba miongoni mwao wamo wanamichezo waliokwisha kutafutwa na makocha. Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Lakini mwaka 2003 Christopher Avery, Andrew Fairbanks na Richard Zeckhauser walichapisha utafiti uliolinganisha waombaji wenye sifa zinazofanana. Waliona kwamba kuomba mapema kulimfaa mwombaji karibu sawa na kuongezewa alama 100 katika mtihani wa SAT, ambao wakati huo ulikuwa na jumla ya alama 1,600. Kwa mwanafunzi aliyehangaika mwaka mzima kuongeza alama 40, hilo si jambo dogo.

Sababu si ngumu kuielewa. Mwombaji aliyefungwa ni nafasi moja iliyojazwa kwa hakika. Tena, tangu gazeti la U.S. News lilipoanza kuvipanga vyuo kwa ubora mwaka 1983, vyuo vilipata sababu nyingine ya kujali hesabu hizo. Kwa muda mrefu gazeti hilo lilizingatia asilimia ya waombaji wanaokubaliwa, na hadi mwaka 2003 lilizingatia pia asilimia ya waliokubaliwa wanaokuja kweli. Chuo kilichojaza nusu ya darasa lake mwezi wa Desemba kilionekana kuwa na mlango mwembamba na wapenzi wengi. Ni ile kauli ya wafanyabiashara wetu: biashara asubuhi.

Anayeumia ni nani? Ni mwenye kuhitaji msaada wa karo. Mwanafunzi wa duru ya kawaida huweza kuweka mezani barua tatu za msaada na kuchagua ile itakayomwachia mzazi wake mzigo mdogo. Aliyefungwa ana barua moja tu. Ni kweli kwamba kwa kawaida huachiliwa msaada usipotosha, lakini hapo huwa amechelewa, na hana cha kulinganisha nacho. Rais wa Yale, Richard Levin, aliupinga utaratibu huo hadharani mwaka 2001, na mwaka 2002 Yale na Stanford vilitangaza kuacha uamuzi unaofunga. Septemba 2006 Harvard kilikwenda mbali zaidi: kilitangaza kufuta maombi yote ya mapema, kwa hoja kwamba yanawafaa waliokwisha kufaidika. Princeton na Chuo Kikuu cha Virginia vilifuata mwezi huohuo. Matumaini yalikuwa kwamba wengine nao wataiga.

Hawakuiga. Wapinzani wao waliendelea kuvuna mwezi wa Novemba. Virginia kilitangaza kurejesha maombi ya mapema mwaka 2010, na Februari 2011 Harvard na Princeton navyo vikarudi, vikiwa na namna isiyofunga. Hapa ndipo tunapoona somo kubwa la historia hii. Chuo kimoja kinaweza kutambua kwamba utaratibu hauna haki na bado kishindwe kuuacha peke yake, kwa sababu anayeuacha huwapa washindani wake wanafunzi anaowataka. Wala si rahisi vyuo kukaa pamoja na kupatana, maana sheria za Marekani za kulinda ushindani huyatazama mapatano ya aina hiyo kwa jicho kali. Mwaka 2019 Idara ya Sheria ya nchi hiyo ilikishtaki chama cha kitaifa cha washauri wa udahili kwa kanuni zilizozuia vyuo kuwashawishi wanafunzi, ikiwamo kanuni iliyokataza kuwapa zawadi wanaoomba kwa uamuzi wa mapema. Chama kilizifuta.

Wasomaji watauliza: haya yanatuhusu nini sisi tulio Uganda? Yanatuhusu kwa kalenda. Tarehe 1 Novemba, Mmarekani wa miaka 17 ameanza mwaka wake wa mwisho wa shule na yuko mbali na kuhitimu. Mtahiniwa wetu wa Kidato cha Sita siku hiyo anajiandaa kuingia katika chumba cha mtihani wa taifa, na jirani yake wa Kidato cha Nne nchini Kenya huwa yumo katika kipindi cha mitihani. Matokeo ya mtihani wetu kwa kawaida hutoka mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayeomba mapema huomba kwa alama za shule, kwa makadirio ya walimu, na kwa barua. Barua ya mwalimu, ambayo kwa mtoto wa shule tajiri ni nyongeza, kwa mtoto wetu huweza kuwa nguzo.

Hatudai kwamba njia zetu hazina lawama. Makerere, iliyoanza mwaka 1922 ikiwa na wanafunzi 14, nayo imebishaniwa kuhusu nani aingie na nani abaki nje. Ilipoamua kuwaongezea wasichana alama 1.5 mwaka 1990, mjadala ulikuwa mkali, nao haujazimika. Lakini alama hizo 1.5 ziliandikwa wazi, na kila mzazi aliweza kuzijumlisha kwa kalamu yake. Faida ya kuomba mapema haikuandikwa kwenye fomu yoyote. Waliijua washauri wa shule kubwa, na sisi wengine tulilazimika kungoja watafiti waipige hesabu.

Kwa walimu wenzetu tunashauri mambo matatu. Kwanza, habari za tarehe zitolewe mwanafunzi akiwa Kidato cha Tano, si mwezi wa Oktoba wa mwaka wa mtihani. Pili, kabla ya mtu yeyote kutia saini, fomu isomwe kwa sauti mbele ya mzazi kwa lugha anayoielewa, na lile neno "kufungwa" lisemwe waziwazi. Tatu, barua ya kumpendekeza mwanafunzi ieleze jambo alilolifanya, kwa sababu msomaji wa barua hiyo yuko mbali na ana mafaili mengi. Sifa tupu hazimfikishi popote.

Ama yule msichana, baba yake aliitwa, akasomewa ile fomu kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama chuo nacho kimetia saini mahali popote kuahidi kitalipa kiasi gani. Tukamwonyesha kwamba hapana. Aliomba arudishiwe fomu yake. Binti alikwenda kufanya mtihani wake kwanza, na maombi yake yakapelekwa katika duru ya kawaida, mwanzoni mwa Januari.