Wapiga Ramli wa Kweli na Matapeli wa China ya Kale: Kitambaa Tumboni mwa Ng'ombe

Siku hizi mtu akitabiri mechi halafu mambo yakaenda kombo, anafuta posti fasta, kesho anakuja na utabiri mwingine. China ya kale kulikuwa na watabiri wasioweza kufuta. Wao walichonga kwenye mfupa.

Turudi hadi kama mwaka 1200 KK, enzi ya ukoo wa Shang, mji mkuu ukiwa pale panapoitwa Anyang leo. Vita, mavuno, jino kuuma, mfalme aliuliza kwanza mizimu ya wazee wake. Wapiga ramli wa ikulu walichukua mfupa wa bega la ng'ombe au gamba la tumbo la kobe, wakachimba vishimo kwa nyuma, wakavichoma kwa moto mpaka upande wa pili ukapasuka. Nyufa zile ndizo zilikuwa jibu.

Kisha wakachonga maandishi: siku, jina la mpiga ramli, swali, na mara nyingine mfalme alivyozisoma nyufa na kilichotokea baadaye.

Gamba moja linahusu mke wa mfalme aliyekuwa mjamzito. Je, atajifungua salama na kwa heri? Mfalme akasoma nyufa, akataja siku mbili za baraka. Zikapita siku 31, mama akajifungua siku nyingine kabisa. Wakachonga hivyohivyo: haikuwa heri, mtoto ni wa kike. (Ndiyo, enzi hizo binti alihesabiwa mkosi!) Mifupa mingi haina matokeo, lakini hapa kitu ambacho mfalme hakukitaka kimebaki wazi miaka 3,000 na zaidi.

Sasa njoo kwa tapeli.

Karne ya 2 KK, mfalme Wu wa ukoo wa Han alifiwa na mke aliyempenda mno. Akatokea jamaa mmoja anayejiita fundi wa mizimu. Usiku, nyuma ya pazia, akamwonyesha mfalme sura ya marehemu. Mfalme akachanganyikiwa, akampa jamaa cheo cha jenerali na mali kibao.

Mwaka ukapita na ushee, mizimu haiji. Jamaa akaona ugali unaondoka. Akaandika maneno ya ajabu kwenye kitambaa cha hariri, akamlisha ng'ombe, halafu akajifanya kushtuka: "Tumboni mwa huyu ng'ombe kuna kitu!" Ng'ombe akachinjwa, kitambaa kikapatikana. Tatizo ni moja tu: mfalme aliujua mwandiko wake. Jamaa akauawa, na ishu nzima ikafichwa.

Unadhani mfalme alijifunza? Wapi! Akajuta kumuua mapema, akampokea mwingine na kumwoza hadi binti yake. Huyo naye akaumbuka, akauawa.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Nyufa za mfupa hazikuijua kesho kuliko kile kitambaa. Ila mpiga ramli wa Shang aliweka swali na jina lake mahali ambapo mtu mwingine angeweza kurudi na kukagua. Tapeli aliitengeneza ishara mwenyewe, kisha akajifanya ameikuta. Na mtaji wake mkubwa haukuwa uchawi, ulikuwa msiba wa mtu aliyetamani kumwona mkewe mara moja tena.

Kwa hiyo ukikutana na mtabiri, usimuulize kesho kuna nini. Muulize jana alisema nini.