Kuruka Mfongo

Wengi hudhani kwamba kurusha baiskeli hewani ni mchezo ulioletwa na watalii. Sisi vijana wa Marangu tulifundishwa na mifongo, ile mifereji ambayo Wachagga waliichimba tangu zamani kuteremsha maji ya Kilimanjaro hadi vihambani. Mfongo ulipokata njia, ama ushuke uibebe baiskeli, ama uruke.

Tuliruka. Unasimama juu ya pedali zilizo sawasawa, unakunja viwiko na magoti, unaikandamiza baiskeli chini, kisha unavuta usukani. Gurudumu la mbele likiinuka, unasukuma usukani mbele na kukunja miguu ili la nyuma lifuate. Ukitua umekaa kitini, mgongo ndio utakaolipa.

Mwaka 1981, nikiwa na miaka 14, niliruka na baiskeli ya baba, nzito, yenye keria ya kubebea kahawa. Nilichelewa kuvuta. Gurudumu la mbele likagonga ukingo wa pili na foko ikapinda. Miaka ile, baada ya vita vya Kagera, vipuri vilikuwa adimu sana. Msimu mzima baba alibeba kahawa kichwani kwenda kuiuza. Hakunichapa. Aliniamuru tu nimfuate nyuma na debe langu, na kila tulipovuka ule mfongo alinyamaza. Kimya kile kiliniuma kuliko fimbo.

Ukubwani nilikuja kusoma kwamba mwaka 1976 vijana wa Marin, huko California, walianza kushindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu. Breki zao za kukanyaga nyuma zilipata moto hata grisi ikaungua, na kila safari ikabidi waijaze upya. Katika michezo hiyo ndimo ilimokulia baiskeli ya milimani. Kisha, mwishoni mwa 1984, Waingereza wawili, Nicholas na Richard Crane, walianza kuupanda mlima wetu na baiskeli, wakafika nazo kileleni, mita 5,895, kwa ajili ya kuchangisha fedha za hisani. Safari yao ikaandikiwa kitabu.

Sisi wa mifongo hatukuandikwa. Sioni kinyongo. Wao na sisi tulijifunza jambo moja kwa vyuma vizito: baiskeli huinuka kwa kujua wakati, si kwa nguvu.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Wajukuu wangu nawapa, lakini tunaanza kwa kuruka fimbo iliyolazwa chini. Na baiskeli ni yao, si ya baba yao.